Naomba ushauri: hema gani litatufaa watu sita, bibi akiwemo? (Kigamboni na Mikumi, Juni)

Mama Tatu
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kulala nje na watoto wadogo.

Shule zikifungwa Juni tunataka kulala usiku mmoja ufukweni Kigamboni, na wiki inayofuata siku mbili hifadhi ya wanyama ya Mikumi. Tuko sita: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 11, 7 na 3, na mama mkwe mwenye miaka 69. Magoti yanamsumbua, lakini safari hii ni ombi lake. Kwao ni Iringa, na miaka yote hiyo Mikumi ameiona kupitia dirisha la basi tu. Hajawahi kushuka.

Kariakoo nimeonyeshwa mahema mawili. Moja la mviringo, limeandikwa watu sita, unaingia kwa kuinama. La pili ni refu kama chumba, mtu mzima anasimama wima, na muuzaji analisifia sana kwa ajili ya mama. Mdogo wangu naye anasema ninunue madogo mawili ya watu watatu watatu. Gari ni Noah, kwa hiyo uzito si tatizo. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Mwana wa Kusi
Dada, mimi ni mkazi wa Kigamboni. Juni ni msimu wa upepo wa kusi, na hema refu lenye kuta zilizosimama linakamata upepo kama tanga. Nimeshuhudia familia ikimalizia usiku ndani ya gari baada ya fito kukatika saa nane za usiku, watoto wanalia, turubai linapigapiga. La mviringo upepo unateleza juu yake.

Halafu vile vigingi vyembamba vinavyokuja na hema, mchangani havishiki. Chukua viroba vitupu, vijaze mchanga, funga kamba ya hema katikati ya kiroba, kisha kifukie shimo la kina cha goti. Mgongo wa hema uelekee kusini-mashariki, mlango uwe upande wa pili.

Dereva wa Mbugani
Mahema mawili madogo usinunue, nakuomba. Kambi za Mikumi hazina uzio. Tembo anaweza kupita katikati ya mahema usiku, na kwa kawaida hana shida na mtu aliyetulia ndani, zipu imefungwa. Hatari inaanza mtoto anapolia hema la pili na mama anafungua zipu kumfuata. Ukiwa na mtoto wa miaka mitatu, laleni chini ya paa moja. Kopo la haja ndogo liwe ndani.

Na chakula kisilale hemani. Hata ndizi moja iliyosahaulika kwenye begi la mtoto, tembo anainusa. Kila kitu garini, vioo vimepandishwa.

Mjomba Bahari Beach
Mimi napingana kidogo. Bibi wa magoti huwezi kumwambia aingie kwa kutambaa. Chukua lile refu, Kigamboni mtafute sehemu yenye miti.

Binti Usambara
Mjomba, nimemuuguza mama yangu magoti miaka minne. Kinachomtesa ni kuinuka kutoka chini. Hata ndani ya hema refu kama ukumbi, godoro likiwa chini bado utamwinua watu wawili asubuhi. Mama Tatu, tafuta kwanza kitanda cha kukunja cha turubai chenye urefu wa kiti, ndipo uchague hema la kukiweka. Au Kigamboni mchukulie banda la makuti. Mikumi pia unaweza kuwauliza TANAPA, wasimamizi wa hifadhi, kuhusu mabanda, ila uulizie na umbali wake kutoka kambini, maana usiku huwezi kutembea kwa miguu kwenda kumwangalia.

Fundi Turubai
Nashona maturubai na kurekebisha mahema. "Watu sita" maana yake ni watu bega kwa bega, bila begi hata moja. Pima wewe: mtu mzima sentimita 70, mtoto 55. Watu wazima watatu ni 210, watoto wawili 110, mdogo alale kwa mama yake. Hiyo ni 320, na mabegi bado. Nyie mnahitaji lililoandikwa watu nane.

Dukani omba ulifungue. Angalia kifuniko cha juu: kikiishia katikati ya ukuta, liache. Kishuke karibu na ardhi. Geuza mshono kwa ndani uone kama umezibwa kwa utepe. Namba ya kuzuia maji ya sakafu, ile inayoandikwa kwa milimita (mm), iwe 3,000 hivi. 1,500 inavumilia mvua ya kawaida, lakini sakafu mnailalia, na uzito wa mwili unasukuma maji yapite. Na madirisha ya wavu yawe mawili yanayotazamana, la sivyo mtaamka mmelowa kwa pumzi zenu wenyewe.

Mama Tatu
Asanteni sana, hili la kitanda sikuwa nimelifikiria kabisa. Mume wangu anauliza: Mikumi Juni usiku kuna baridi, je, tukiingiza jiko la mkaa dakika chache kabla ya kulala?

Dereva wa Mbugani
HAPANA. Hata dakika tano. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, mtu anasinzia tu na haamki. Baridi inatoka ardhini: tandika mkeka na blanketi zito chini ya magodoro, na wavisheni watoto soksi.

Mama Tatu
Narudi na mrejesho. Tumenunua la mviringo la watu nane, na jana tumelisimamisha uani hapa Tabata, masika haya haya. Mvua ilishuka saa tano usiku. Juu hakuna hata tone. Lakini kona ya mlangoni sakafu ililowa. Asubuhi tukaona sababu: turubai tulilotandika chini lilitokeza nje kama upana wa kiganja, likakusanya maji ya mvua na kuyaingiza chini yetu. Tumelikunja kwa ndani pande zote.

Mama naye alikuja kujaribu. Tulisogeza kitanda mpaka mlangoni kabisa. Akageuka, akakaa kwa nje kama anakaa kitini, akainamisha kichwa, kisha akazungusha miguu ikaingia. Kutoka vivyo hivyo. Kigamboni atalala bandani na mjukuu wake mkubwa. Nilipomtajia banda la Mikumi alikataa. Anataka awasikie tembo wakipita.