Wimbo wa taarab nimeusikilizia YouTube, kwenye marejeo namwandika nani?

binti_wa_dunda
Habari za jioni wakuu. Niko Bagamoyo naandika tasnifu, mada yangu ni mashairi ya taarab ya Tanga enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Nyimbo karibu zote nimezipata YouTube maana santuri sina na hata ningekuwa nazo sina pa kuzipigia. Sasa wimbo mmoja una watu wanne jamani, kuna aliyeimba, kuna aliyetunga shairi, kuna kikundi, halafu kuna huyo aliyeupandisha ambaye anajiita jina la utani na namba nyuma. Mwaka nao vilevile, wimbo wa miaka ya 70 lakini video imeandikwa 2012. Darasani kwetu wengine wanaandika jina la chaneli basi, wengine wanabandika linki tupu. Chuo kinataka APA, ule mtindo wa kuandika marejeo. Na nikinukuu ubeti nitaonyeshaje ulipo wakati hakuna ukurasa? Naomba mwenye kujua anipe na mfano kabisa.

mwalimu_marejeo
APA toleo la 7, lile la 2019, liko wazi ingawa wengi hawalipendi hapa. Ukitumia video ya YouTube, aliyepandisha ndiye anayekaa nafasi ya mwandishi hata kama kazi si yake, kwa sababu marejeo kazi yake ni kumfikisha msomaji kwenye kile ulichokitazama wewe. Unaandika hivi: Jina la chaneli. (2012, Machi 4). Jina la wimbo kama lilivyo pale [Video]. YouTube. Halafu linki.

Ubeti unautajia dakika na sekunde ulipoanzia, mfano (jina la chaneli, 2012, 1:14), hiyo ndiyo badala ya ukurasa. Mwimbaji, mtunzi na kikundi unawataja ndani ya sentensi yako mwenyewe.

Ukiwa na santuri au CD mkononi mambo yanageuka, hapo mwimbaji au kikundi ndiye anatangulia, unafuata mwaka, jina la wimbo [Wimbo], jina la albamu kama ipo, na kampuni iliyotoa. MLA, mtindo mwingine wa marejeo, toleo la 9 linaruhusu uanze na msanii au jina la wimbo, aliyepandisha akaja baadaye, ila chuo chako kimesema APA kwa hiyo usichanganye.

santuri_ngamiani
Mwalimu kanuni yako nimeisoma lakini mimi inaniuma, niseme kweli. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, kaenda Bombay 1928 kurekodi na kampuni ya santuri ya HMV, kafariki 1950, leo mtu anayesoma tasnifu anakuta mabanoni jina la kijana mwenye chaneli na mwaka wa juzi juzi tu! Atajuaje kama sauti ile ina karibu miaka mia? Binti, popote unapotaja wimbo andika kwenye sentensi nani kaimba, na kikundi gani, na umerekodiwa lini kama unajua kwa hakika. Usimwachie mwenye chaneli peke yake.

Na wenye chaneli wanakosea sana. Bi Shakila kaimba Black Star na kaimba Lucky Star, basi watu wakisikia sauti yake wanabandika jina lolote la kikundi. Ukitaka uhakika tafuta santuri yenyewe uisome. Ile karatasi ya katikati ina jina la kampuni, namba ya santuri, upande A au B, jina la kikundi, na nyingine zinamtaja mtunzi. Halafu iinamishe kwenye mwanga, pale mifereji inapoishia kabla ya karatasi utaona namba zimekwaruzwa kwenye plastiki yenyewe, hizo ni za kiwandani, karatasi ikichanika au ikifutika zenyewe bado zipo. Namba hizo mbili zikilingana na za mwenzio basi mnazungumzia rekodi moja. Maana wimbo mmoja unaweza kurekodiwa mara mbili, mara ya pili beti zimepunguzwa, na wewe unachambua mashairi!

kijana_makorora
Naongezea dada, linki zinakufa. Leo video ipo, kesho mwenye chaneli kafungiwa au kafuta, na mtahini anabofya anakuta ukurasa mweupe. Iingize linki kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ila jua kwamba mara nyingi inahifadhi ukurasa tu, video yenyewe haichezi. Kwa hiyo piga skrinshoti inayoonyesha jina la chaneli, tarehe ya kupandishwa na urefu wa video, andika na siku uliyoitazama, weka faili lake. Maelezo chini ya video pia soma, na koment, wazee wa Tanga huwa wanasahihisha humo.

Vile vipande vya WhatsApp ambavyo havina mwanzo wala mwisho usivitegemee. Ukimhoji mzee akakueleza nani alitunga, kwenye APA hayo ni mawasiliano binafsi, unaandika jina lake na tarehe ndani ya maandishi tu, kwenye orodha ya marejeo hayaingii.

binti_wa_dunda
Asanteni sana, na shikamoo mzee wa santuri. Sasa naweza kufuata APA na bado nikawapa waimbaji na watunzi nafasi yao?

mwalimu_marejeo
Unaweza. Marejeo yabaki ya APA, yaonyeshe ulichotazama. Kisha kwenye viambatisho weka orodha ya nyimbo zako kwa mpangilio wa waimbaji: mwimbaji, kikundi, mtunzi, kampuni, namba ya santuri, mwaka wa kurekodiwa ukijulikana, na mwisho kabisa video uliyotumia. Usichothibitisha acha wazi, usikisie mwaka. Kuna pia CD ya Black Star na Lucky Star iliyotolewa na GlobeStyle ya Uingereza 1989, ukiipata itaje hiyo badala ya video, ni chanzo imara zaidi.

Na hapo mzee kanigusa, kwenye sentensi tangulia na mwimbaji kila mara. APA haikukatazi.

santuri_ngamiani
Marahaba mwanangu. Hapo sawa mwalimu, hiyo orodha ndiyo naitaka. Binti nitumie majina ya nyimbo zako pamoja na mistari miwili ya mwanzo ya kila wimbo, maana majina ya YouTube si ya kuaminika. Nitaangalia ninazo zipi, nikupigie picha karatasi zake pande zote mbili pamoja na zile namba zilizokwaruzwa.