Prado ya dizeli ya 1997, gia boksi imekata Kitonga: niovahoo, ninunue ya Japani au nihamie gia za mkono?

mkulima_wa_viazi

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela, maana hela yenyewe ilikuwa ya mbolea.

Nina Prado KZJ95, injini 1KZ-TE, oto. Ilikuwa ya marehemu kaka. Nimekaa nayo miaka sita na haijawahi kunilaza njiani. Alhamisi natoka Dar narudi Makambako, nyuma kuna pampu ya kumwagilia, mifuko minne ya saruji na shangazi. Tumeingia Kitonga saa kumi jioni, semi tatu mbele zinatambaa, hakuna pa kupita. Katikati ya mlima resi zikaanza kupanda lakini gari halipandi. Nakanyaga, injini inalia, mshale umevuka elfu tatu, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Taa ya joto la oili ya gia boksi ikawaka, ikaja na harufu ya ukoko ulioungua. Nikajibana pembeni. Shangazi akauliza kama ni mimi nimekanyaga vibaya.

Baada ya nusu saa D ikavuta kama mita hamsini, ikakata moja kwa moja. 2 hakuna, L hakuna. Cha ajabu, rivasi inadaka safi kabisa! Yaani ningeweza kurudi Dar kinyumenyume.

Fuso moja ikatuvuta hadi Ilula. Dereva wake mzee, kabla hajafunga kamba akasema, "Kijana, weka kile kijiti kidogo N, siyo hiki kikubwa." Nikatii, sikujua kwa nini.

Sasa gari iko gereji Iringa. Fundi kanipa njia tatu: kuovahoo kwa milioni 1.6 (spea hana uhakika nazo), gia boksi ya mtumba kutoka Dar kwa milioni 2.2 bila nauli, au kuhamia gia za mkono. Mke wangu ana njia ya nne, niuze. Nyie mnasemaje?

dogo_wa_tegeta

Msikilize shemeji mkuu.

spana_14

Pole mkuu. Huyo mzee wa Fuso akanunuliwe soda. Pampu ya gia boksi ya oto inazungushwa na injini. Injini ikizimwa halafu gari ikavutwa, matairi yanazungusha vyuma vya ndani bila oili kupita. Kile kijiti kidogo ni cha transfa, boksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Ukikiweka N, matairi na gia boksi havijuani tena.

Rivasi kudaka siyo ajabu. Kwenye hizo gia boksi za Aisin, gia zote za mbele zinapitia klachi moja, rivasi haiitumii hiyo. D, 2 na L zikifa kwa pamoja na R ikabaki, klachi ya mbele imekwisha.

Ila usinunue kitu bado. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, pangusa kwenye karatasi nyeupe, uniambie rangi. Halafu injini ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta, niambie na huko kuna nini.

mkulima_wa_viazi

@spana_14 nimepanda daladala mpaka gereji kwa ajili yako. Kijiti kimetoka na kitu kama mtindi wa stroberi, na vipovu juu. Nilitegemea oili nyeusi iliyoungua. Kwenye rejeta maji yamepungua, kuna utando wa mafuta mekundu unaelea. Fundi hakuwa ameangalia huko, na sasa ananiangalia mimi kwa jicho baya.

spana_14

Basi gia boksi yako haikujifia, imenyweshwa maji.

Chini ya rejeta yako kuna kijibomba cha ndani kinachopitisha oili ya gia boksi ipoe kwenye maji ya injini. Kikioza au kikipasuka, maji yanaingia kwenye oili na oili kwenye maji. Zile pleti za klachi zina bitana ya mfano wa karatasi iliyogandishwa kwa gundi, na maji yakiikuta gundi inaachia. Inawezekana imekuwa ikibanduka kidogo kidogo wiki kadhaa, wewe hujui, Kitonga ikamalizia na saruji yako.

Nimeona watu wakifunga gia boksi nzuri kabisa, rejeta ileile, baada ya mwezi wanarudi na mtindi uleule. Wanamlaumu aliyewauzia.

Kwa hiyo rejeta mpya kwanza. Kama hela inaruhusu, weka kipoza oili cha pembeni, kile kidogo cha kupigwa na upepo mbele ya rejeta, oili isipite kwenye maji kabisa. Mabomba ya oili yasafishwe na kupulizwa na kompresa. Konveta ya zamani (lile dude la mviringo kati ya injini na gia boksi, linalopitisha nguvu kwa oili) usiirudishe kwa namna yoyote, imejaa uchafu na haifunguki kuoshwa.

Ovahoo sikushauri. Siyo kwamba haifai, ila ikishakunywa maji inabidi ubadilishe pleti zote, sili zote, bodi ya valvu (inayoelekeza oili kwenye kila gia) isafishwe tundu kwa tundu. Kwa 1.6 huyo fundi atabadilisha pleti zilizoungua tu.

Na nyingine: maji ya injini yalikuwa yanapungua huku unapanda mlima. 1KZ inajulikana kwa kupasuka silinda hedi ikichemka. Kabla hujaweka milioni mbili kwenye gia boksi, hakikisha hedi ni nzima.

mama_wa_noah

Mimi siyo fundi ila nimeshauziwa boksi bovu, kwa hiyo nisikilize kwa hilo.

Fungua boneti, kuna kibati cha utambulisho wa gari, tafuta palipoandikwa TRANS/AXLE. Andika namba ilivyo, usiende na maneno "gia boksi ya Prado". Mimi nililetewa ya injini ya petroli, kwa macho ni pacha, ila uso wa kushikana na injini tofauti na soketi tofauti. Nauli ya kuirudisha nililipa mimi.

Ukifika Gerezani au Shauri Moyo, mwambie muuzaji afungue sampo (bakuli la oili chini ya boksi) mbele yako. Akikataa, toka, duka la pili lipo hatua kumi. Ndani utakuta vismaku vya kunasa chembe za chuma. Vikiwa na ute wa kijivu mwembamba kama wanja, ni kawaida. Ukiona chembe zinazong'aa au vipande, mshukuru uende. Ipigwe alama ya rangi yako na risiti iandikwe siku za kujaribu. Mimi walinipa siku saba, ikafa siku ya tisa.

changamwe_dizeli

Salaam kutoka Mombasa. Ya rejeta na sampo yamesemwa, mie naongeza moja tu. Konveta iingie mpaka mwisho kabla gia boksi haijapandishwa. Wazungusha huku wasukuma taratibu, itaanguka ndani mara mbili au tatu, waisikia na mkononi. Ikisha kuingia sawasawa, inazama ndani ya ukingo wa gia boksi. Chukua rula upime.

Kijana wangu hapa gereji hakupima. Boksi likagoma kukutana na injini, akalivuta kwa boliti. Lilikutana, na pampu ikapasuka hapo hapo. Mwenye gari hajapiga stata hata mara moja! Boksi likishikana na injini, konveta yapaswa kuwa na uchezi kidogo kabla hujafunga boliti zake. Kama imebanwa, simamisha kazi.

dogo_wa_tegeta

Hivi na gia za mkono vipi? Unasahau habari za oto milele.

spana_14

Inawezekana, ila hesabu vizuri: gia boksi, transfa inayoendana nayo, flaiwili, klachi, pedali, silinda za klachi, propela zinaweza kuhitaji kukatwa, na nyaya za kuidanganya kompyuta. Kama una gari nzima iliyopata ajali ya kunyofoa kila kitu, sawa. Kwa kuokoteza kimoja kimoja utazeeka gereji.

mkulima_wa_viazi

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nimechelewa kwa sababu viazi navyo vina mambo yake.

Rejeta tulipoitoa, fundi akaziba tundu moja la oili kwa kidole, akapuliza la pili, rejeta ikiwa imejaa maji. Vipovu vikatoka juu kwenye mfuniko kama soda. Tukacheka wote wawili, kicheko cha msiba. Hedi imepimwa, ni nzima.

Kibati changu kinasema A343F. Nimepata Shauri Moyo, imetoka kwenye 1KZ, pamoja na konveta yake, milioni mbili kasoro laki moja. Duka la kwanza walikataa kufungua sampo, la pili wakafungua, ute wa kijivu tu. Nimeisafirisha kwa basi la usiku, kondakta akaitoza kama abiria wawili.

Siku ya kufunga nilikwenda na rula ya mwanangu ya shule. Fundi alinuna. Tukapima, konveta haijazama, iko sawa na ukingo. Akazungusha, ikaanguka *tok*. Tukapima tena, imezama. Hakusema kitu, ila aliirudia ile rula peke yake mara mbili. @changamwe_dizeli, Mungu akuweke.

Oili tumejaza kidogo kidogo kupitia tundu la kijiti, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), nikipitisha gia kutoka P mpaka L na kurudi. Nilidhani itameza lita nne, ilikunywa karibu kumi. Waya wa kikidauni (unaoiambia gia boksi umekanyaga mafuta kiasi gani) ulikuwa mlegevu, gia zikawa zinabadilika mapema na kwa uvivu, ukakazwa, zikakaa sawa.

Jumla kuu na rejeta, kipoza oili na ufundi: milioni 3.1. Mke wangu anaijua 2.4, naomba asije humu.

Jumamosi nilishuka Kitonga tupu na kupanda tena, makusudi. Inavuta. Shangazi alialikwa, akajibu kwamba yeye atakuja na basi.

Gia boksi ya zamani ipo gereji. Kama kuna mdau anahitaji rivasi tu, tuwasiliane.