Naomba ushauri: timu yangu inaburuza mkia na kuhama siwezi

Wakuu, habari zenu. Ligi ya timu 20, tumecheza mechi 28, pointi 19, ushindi 4 tu. Tukilenga pointi 36 ndiyo tupumue, zinatakiwa 17 katika mechi 10, yaani kushinda 5 na sare 2. Hesabu inakubali, miguu inakataa.

Kinachoniua ni dakika 15 za mwisho. Tukiongoza, kocha anatoa winga anaingiza beki wa tano, timu nzima inarudi kwenye boksi. Mbele hakuna wa kushika mpira, kila ukiokolewa unarudi. Inapigwa kona, nguzo ya mbali haina mtu, goli. Usingizi kwaheri.

Nimejaribu kuzima simu na kuangalia marudio nikishajua matokeo. Ladha ikaisha, hasira ikabaki. Msiniambie nihame, Derby County, timu ya England, walimaliza msimu wa 2007/08 wa Ligi Kuu na pointi 11 na mashabiki wao wapo.

Mnaoshabikia timu za hivi, mnafanyaje hasira isivuke usiku wa mechi? Na kuna aliyesaidika kwa kukaa na daftari, akihesabu kona na mashuti badala ya kukodolea macho ubao wa magoli?