Mtoto amemwambia mwalimu maziwa hutoka kwa ATM. Nimpeleke shamba gani na hawa watoto watatu?

Mama_Watatu:
Wazazi wenzangu hamjambo, naomba ushauri na tafadhali msinicheke sana. Wiki jana mwalimu wa PP1 aliuliza darasa maziwa hutoka wapi na kijana wangu wa miaka nne akainua mkono akasema hutoka kwa ATM. Mwalimu akanipigia akicheka na mimi nikacheka, halafu usiku nikakosa usingizi kwa sababu aki huyu mtoto hajadanganya, kila jioni tunashuka na kachupa ketu mpaka kwa duka hapo chini, naweka pesa, mashine inamwaga maziwa, tunapanda gorofa ya nne tunapika chai. Ng'ombe ameziona tu zile hupitishwa kando ya barabara wakati wa kiangazi, na yeye akiwa ndani ya matatu.

Tuko Umoja. Watoto ni msichana wa miaka saba, huyu wa ATM, na kadogo ka mwaka na nusu kanaweka kila kitu mdomoni. Msichana ako na kifua, baridi ikimshika tu anaanza kukohoa, hatutoki bila pampu yake ya dawa. Baba yao anasema kulipa pesa uone ng'ombe ni ujinga, ati kwao ziko. Kwao ni Busia. Fea ya watu watano kwenda Busia na kurudi mnaijua.

Nataka Mashujaa, hiyo tarehe 20 Oktoba, twende asubuhi turudi jioni. Gari hatuna. Bajeti ni elfu nne kila kitu ndani, ikifika elfu tano baba yao asijue. Sasa twende wapi? Na mvua je? Na huyu mdogo nimbebe ama nimwache kwa jirani?

Kinyozi_wa_Umoja:
Mimi naona mtoto amejibu sawa. Mwalimu angeuliza maziwa hufika kwa ATM aje.

Wa_Tigoni:
Dada karibu kwetu. Watu wengi watakutajia Kiambethu, na ni kuzuri kweli, wanakuonyesha vile chai huchumwa, yale majani mawili na chipukizi, wanakuelezea historia, kwa sababu chai ya kwanza Kenya ilipandwa hapa Limuru mwaka wa 1903, halafu mnatembezwa kwa msitu mnaona mbega, mnakula lanchi. Kuna pia Brown's wa chizi hapa hapa Tigoni. Lakini nikuambie ukweli, hizo ni za kubuku mapema na unalipia kila kichwa, elfu nne yako itakatikia kwa geti. Na historia ya chai ni ya watu wazima, mtoto wa miaka nne utamwona ameshalala chini anataka maji ya kunywa. Pia baridi. Huku tuko juu ya mita 2,000, asubuhi ya ukungu na mtoto wa kifua mimi singethubutu.

Mama_Twiga:
Ukitaka karibu zaidi panda matatu namba 100 ya Kiambu. Hiyo barabara ya Kiambu imejaa kahawa, na mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili ndio mavuno makubwa, matunda yameiva mekundu, watoto wanafurahia sana ile rangi. Paradise Lost iko hapo, kuna mapango na maji yanaanguka na boti. Ng'ombe sasa sikuahidi.

Mama_Watatu:
@Mama_Twiga asante, mapango nitaweka ya siku nyingine. Hii safari lazima kuwe na ng'ombe, la sivyo nitakuwa nimezunguka tu na shida yangu iko pale pale.

Baba_Mapacha:
Kaa chini nikueleze vile nilichomeka ili wewe usichomeke. Mwaka jana tulienda shamba moja, jina nitaliacha, tukafika saa sita na nusu mchana na mapacha wangu wa miaka mitano, nimelipa watu wanne, nimebeba soda na chapo kumi na mbili. Tukapelekwa kwa ng'ombe. Ng'ombe saba zimelala zinacheua. Mapacha wakaangalia kama dakika tatu hivi, mmoja akauliza hii imeharibika? Nikamwambia hapana inakula. Akasema haina chakula. Nikaanza kueleza ati ng'ombe humeza nyasi halafu huirudisha mdomoni aitafune tena, tumbo lake liko na vyumba vinne, hapo nikawapoteza kabisa. Wakaona bomba ya maji inavuja wakaenda kucheza na matope saa nzima. Elfu tano mia mbili, watoto wamecheza na bomba. Halafu saa tisa mvua ikashuka, kurudi steji ile udongo mwekundu imeshika viatu kama keki, konda akatuangalia miguu akasema hawa hapana.

Kosa langu ni moja tu. Hakuna mtu aliniambia ng'ombe hukamuliwa saa ngapi.

Kijana_Wangige:
Hapo ndipo maneno iko. Kwetu tunakamua mara mbili, alfajiri kama saa kumi na moja na alasiri saa tisa hivi. Ukienda katikati unapata amepumzika. Kwa hivyo dada, mahali popote utaenda piga simu uulize swali moja tu, mnakamua saa ngapi, na kama mtoto anaweza kusimama karibu. Akikuambia njoo saa yoyote jua hapo hakuna kitu utaona.

Na sikia, mtoto wa miaka nne hahitaji shamba la eka hamsini. Anahitaji ng'ombe mmoja, ndama mmoja, na kuku. Hapa Wangige kuna watu wengi wako na ng'ombe mmoja wawili nyuma ya nyumba, na mayai ndio usiseme, soko letu ni la mayai. Tafuta mtu unamjua ako na shosho upande wa Kikuyu, Wangige, Ndenderu, Gikuni, huko. Hutalipa geti. Lakini usiende mikono mitupu, nunua sukari kilo mbili, majani, mkate, unga, na ukitoka umwachie shosho kitu kidogo ya chumvi.

Mama_Watatu:
@Kijana_Wangige aki umenifungua macho. Kwa chama chetu kuna dada mamake ako Wangige! Sijawahi hata kufikiria kumuuliza. Watoto waende aje kwa ng'ombe, kuna kitu nahitaji kuwafunza kabla?

Kijana_Wangige:
Wasipige kelele wakati wa kukamua. Hii si adabu tu, ng'ombe akishtuka anazuia maziwa, hayashuki, na huyo shosho alikuwa anapeleka deri. Wasisimame nyuma yake, wasimame upande wa bega ambapo anawaona. Wasimpe vitu za plastiki wala makaratasi, ng'ombe hula hizo kitu na inamuua polepole. Na wasihesabu mifugo za wenyewe kwa sauti, shosho wangu alikuwa anachukia hiyo kabisa, ulikuwa ukianza moja, mbili, anakutuma uende ulete kuni.

Nesi_wa_Zamu:
Mimi naongezea ya afya maana huyo wa mwaka na nusu ananipa wasiwasi. Mbebe, usimwache, lakini akae mgongoni kwa leso muda wote mko kwa boma, asishuke. Mkishagusa wanyama mnanawa mikono kwa maji na sabuni, na hata kama hamkugusa mnanawa kabla ya kula. Sanitaiza peke yake haitoshi mikono ikiwa na kinyesi. Chakula kiliwe mbali na boma. Vifaranga wasibusiwe, najua vinapendeza lakini vinabeba salmonela.

Maziwa: shosho atawapatia ya moto imetoka kwa ng'ombe saa hiyo hiyo, kwa mapenzi. Mwambie kwa heshima achemshe kwanza. Brusela, ile homa ya maziwa mabichi, sio ya mchezo, nimeona watu wametibiwa malaria na typhoid miezi kumbe ni hiyo.

Msichana wa kifua, asiingie pale nyasi kavu imewekwa, vumbi yake ni mbaya sana. Pampu iwe mfukoni mwako, isiachwe kwa begi iko kwa nyumba.

Niko_Majuu:
Mimi niko Minnesota na nimesoma hii nikacheka peke yangu. Huku saa hii ndio msimu wao, majani yanageuka rangi, baridi inaingia, kila familia wikendi inapeleka watoto shamba. Mnabebwa kwa trela ya trekta mmekalia nyasi kavu, mnachuma tufaha, mnapotea kwa njia wamekata ndani ya mahindi, halafu kila mtoto anachagua lenge lake. Lenge wanalichonga macho na meno wanaweka taa ndani. Hawali! Mamangu alikuja kutembea mwezi wa kumi akaona malenge kwa ngazi ya jirani yanaoza akakasirika siku mbili. Akaniuliza na majani yake walitupa wapi, si wangempatia atie kwa mukimo.

Lakini nimejifunza kitu huku. Kila mtoto anarudi na kitu amechuma mwenyewe. Hata kama ni yai moja. Mwambie shosho awaachie yai moja kila mtoto akaokote.

Jamhuri_Damu:
Hakuna mtu ametaja sho ya kilimo ya ASK pale Jamhuri? Sisi tulilelewa na hiyo. Ng'ombe wameogeshwa, fahali wa kutisha, mbuzi wa maziwa. Nilipotea huko nikiwa darasa la pili nikatangazwa kwa spika.

Mama_Watatu:
@Jamhuri_Damu tulipitwa, nilikuwa zamu. Na hao watu wote na watoto watatu, mimi ndiye nitatangazwa kwa spika.

Fundi_Gorofa:
Mvua ya mwezi wa kumi haina adabu. Beba gambuti kwa mfuko, vaa za kawaida kwa matatu, badilisha mkifika. Ukirudi unafunga zile chafu kwa mfuko mzito, konda hawezi kukuambia kitu. Na siku ya sikukuu fea inapanda jioni, weka ya kurudi kando usiiguse.

Mama_Watatu:
Nimerudi wazazi, tulienda!! Kwanza asanteni wote. Yule dada wa chama alimpigia mamake, mamake akasema saa tisa kasorobo tuwe tumefika, na akasema watoto wasivae nyekundu, sijui kwa nini, sikuuliza. Tulitoka Umoja saa tano, tukabadilisha tauni, jam ya Waiyaki Way ilikuwa kidogo, tukafika saa nane tukala chapo zetu kwa nyasi mbele ya nyumba. Hesabu yote elfu tatu mia sita pamoja na shopingi ya shosho, na kitu kidogo nikamwachia juu yake. Baba yao alikataa kuja, halafu asubuhi nikamwona amevaa viatu.

Sasa ng'ombe. Ni Frisia mmoja na ndama wa wiki tano. Shosho akaweka ndoo, akaosha matiti na maji ya vuguvugu, akapaka mafuta ya kukamulia, akaanza. Wa ATM alikuwa amesimama pale kwa bega vile nilimfunza, hajapumua. Ile sauti ya kwanza ya maziwa kwa ndoo tupu, cwiii, akanishika sketi. Akauliza kwa sauti ya chini, ni nani ameweka pesa? Shosho hajui Kiswahili sana lakini hiyo alielewa, alicheka mpaka akaacha kukamua. Msichana alikamua kidogo, ya kwanza ikatoka, ya pili ikamwingia kwa sikio. Hakukohoa hata mara moja. Kadogo kalikaa mgongoni kakilamba leso.

Mayai waliokota matatu, moja lilivunjika ndani ya matatu, ndani ya mfuko wa koti ya baba yao. Mvua ilituanza tukiwa steji, gambuti zilisaidia sana @Fundi_Gorofa. Maziwa tulichemshiwa @Nesi_wa_Zamu, shosho aliniangalia kama nimemtusi lakini alichemsha.

Shida ni moja imebaki. Tangu juzi kijana amekataa maziwa. Kabisa. Chai yake anataka strungi. Aliona vile ndama alifungwa kando akilia wakati wa kukamua, na amesema yale maziwa ni ya yule mtoto, sisi tumemwibia. Nimemwambia ndama anaachiwa yake, shosho mwenyewe alimwonyesha titi moja hakulikamua, hataki kusikia. Nifanye nini sasa?

Kinyozi_wa_Umoja:
Mwambie ya ATM ni tofauti.