Kihisi kidogo cha glukosi huitambuaje sukari peke yake?

Mwanafunzi wa Kemia: Habari zenu ndugu. Kijikaratasi cha kupimia sukari hutumia tone la damu lisilofikia hata maikrolita moja, na damu ina mamia ya molekuli ndogo. Kinaichaguaje glukosi, ilhali elektrodi yenyewe, yaani ncha inayopokea umeme, haina macho?

Fundi Maabara: Kazi ya kuchagua hufanywa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali, si na elektrodi. Tangu watafiti Leland Clark na Champ Lyons walipopendekeza wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi mwaka 1962, kimeng'enya kinachotumika zaidi ni glukosi oksidesi, ambacho huchukua elektroni kutoka kwa glukosi na, katika vihisi vya kizazi cha kwanza, kuzikabidhi kwa oksijeni, ikazaliwa haidrojeni peroksaidi ambayo elektrodi huipima kama mkondo wa umeme. Vijikaratasi vingi vya leo vina kibeba elektroni badala ya oksijeni, kwa kuwa oksijeni ya damu hubadilikabadilika.

Bibi Mfamasia: Naongeza tahadhari. Parasetamoli na vitamini C huweza kutoa elektroni moja kwa moja kwenye elektrodi, hivyo baadhi ya vihisi husoma sukari ya juu kuliko iliyopo. Ndiyo maana watengenezaji huweka utando wa kuvizuia.

Mwanafunzi wa Kemia: Nashukuru, shikamoo Bibi. Na kile kihisi kinachobandikwa mkononi?

Bibi Mfamasia: Marahaba. Hicho hupima majimaji yaliyo kati ya seli, si damu, kwa hiyo baada ya mlo huchelewa dakika kadhaa.