Studio kumng'arisha marehemu: heshima au mkorogo wa kompyuta?

Ndugu zangu wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini, naomba tulijadili hili.

Mwezi uliopita tulimzika mama yangu Rungwe. Mdogo wangu alikuwa amepeleka picha yake studio moja hapa mjini, itengenezwe fremu ya kuweka mbele ya jeneza, pamoja na fulana za familia. Mama alikuwa mweusi tii. Kwenye fremu akaja na rangi ya chai ya maziwa, na kovu lake juu ya jicho la kushoto, aliloachiwa na kibanzi cha kuni, halipo. Mwanangu wa miaka mitano akaweka kidole kwenye kioo: "Huyu nani?" Shangazi akamwambia ni bibi yake. Akakataa kabisa. "Bibi ana alama hapa," akajigusa juu ya jicho.

Baada ya matanga nilienda studio. Kijana alinipa pole, akasema, "Dada, tulimsafisha tu. Kila mteja anataka asafishwe." Sikuona nia mbaya kwake. Lakini neno hilo linaniuma hadi leo. Kwani mama alikuwa mchafu?

Wifi yangu anasema nakuza mambo: marehemu tunamvisha nguo nzuri, kwa nini picha yake isipendeze? Nguo ni sawa, lakini ngozi si nguo. Tena mtoto haoni picha hiyo moja tu. Pita Mwanjelwa utazame mabango ya saluni, uhesabu sura nyeusi. Simu nayo inamlainisha uso kabla hajabonyeza. Akikuta hata bibi yake kageuzwa, atajifunza nini kuhusu rangi yake mwenyewe?

Ila sisemi picha isiguswe. Ninayo ya ubatizo wangu, ya 1984: mchungaji anaonekana vizuri, mama ni meno na kitambaa cheupe basi. Kosa halikuwa la mpiga picha peke yake. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya filamu ya Kodak ilikuwa ikizipa maabara za kuchapisha picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, ikaitwa kadi ya Shirley, jina la mfanyakazi wao. Rangi zikasawazishwa kwa ngozi yake. Na malalamiko yaliyoisukuma kampuni irekebishe filamu zake yalitoka kwa watengeneza chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri. Kwa hiyo fundi akiongeza mwanga ili uso mweusi uonekane, anatutendea haki iliyochelewa. Kuubadilisha uso huo ni kazi nyingine.

Vipodozi vya kujichubua vyenye kemikali kama zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa sababu vinaharibu mwili. Picha haina sumu hiyo, wala sidai marufuku. Ninachodai ni studio imuulize mteja kabla ya kubadili rangi ya ngozi au kufuta kovu. Aliye hai atajibu mwenyewe. Marehemu hawezi, basi abaki alivyokuwa.

Faili la mwanzo lilikuwepo bado, na kijana alinichapia upya muda uleule. Hiyo ndiyo iko sebuleni. Fulana zilikuwa zimeshagawiwa. Shangazi analimia yake, na yule mwanamke mweupe kifuani.

Wenye studio, mnauliza kabla? Na ninyi mliofiwa karibuni, mliulizwa?