Huyu mheshimiwa wa majedwali leo kanivunjia heshima mbele ya wakwe

Wadau nimetoka kikaoni sasa hivi, nina hasira hata chai haipiti. Yule mheshimiwa wetu, mnamjua, sina haja ya kumtaja, tangu NECTA, Baraza la Mitihani, waache kutangaza shule kumi bora mwaka 2023 kajipa hiyo kazi yeye, matokeo yakitoka tu halali usingizi, anachora majedwali ya shule. Leo kaziweka shule mbili za kata yetu ukutani na projekta, ya kule juu kaipaka kijani, yetu ya bondeni nyekundu ya damu, halafu mbele ya watu wote, mbele ya BABA MKWE, akasema "hapa tatizo si walimu, ni aina ya wazazi."

Aina ya wazazi! Kama sisi mbegu za mahindi.

Kule juu wana hosteli, wana kambi ya kidato cha nne, wana mwalimu wa hesabu wa kujitolea wanamlipa wenyewe. Wa kwetu konda akiona sare tu anaziba mlango, mtoto anafika kipindi cha pili kinaisha, na wale wenye vichwa walishachukuliwa shule za vipaji kama Ilboru na Kibaha, waliobaki wazazi wenye uwezo wamewahamishia huko huko juu. Halafu unasema aina ya wazazi? Na baba mkwe anatikisa kichwa! Sijui alikuwa anakubali au anasinzia, lakini alitikisa, nimemuona.

Kidato Sugu: Pole mkuu. Ila uzi mzima hujasema dogo kapata nini 😂 weka divisheni kwanza tuchangie.

Mleta uzi: Hilo halihusiani. Kasema AINA ya wazazi, unaelewa aina?

Kidato Sugu: Basi ni ziro, tumeelewa.

Mama Wawili: Hilo jedwali limetumwa kwenye grupu nimelicheki. Kapanga GPA, ule wastani wa madaraja ya shule, kubwa juu ndogo chini. Jamani GPA ya shule ya NECTA A ni 1 na F ni 5, ndogo ndiyo nzuri. Ile ya kijani ndiyo iliyoburuza mkia 🤣🤣

Mleta uzi: Subiri. Kwa hiyo baba mkwe alitikisa kichwa kwa shule iliyofaulu??

Fundi Dawati: Nyie mnalilia rangi, njooni kwetu. Elimu bila ada tangu 2016, ada kweli imefutwa, michango ndiyo imepandishwa cheo. Rimu, mlinzi, mtihani wa majaribio, juzi wameleta na mchango wa pazia la ofisi ya taaluma. PAZIA.

Bondeni Oyee: Bora nyie pazia lipo. Kwetu mwalimu wa fizikia ni mmoja, huyo huyo wa michezo, huyo huyo anashika funguo za stoo.

Kidato Sugu: Mtihani wa kidato cha nne 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa tulipata divisheni ziro, wakaunda tume, matokeo wakayapanga upya, na hakuna aliyesema aina ya wazazi. Heshima ilikuwepo.

Mleta uzi: Asante! Aina ya wazazi, mbele ya mkwe!

Fundi Dawati: Pazia lenyewe la maua.

Mpita Njia: Wakuu samahani niko nje ya mada, uhamisho wa kidato cha pili kwenda shule yenye hosteli unaanzia wapi?

Mama Wawili: Anza kwa mkuu wa shule anayotoka. Na beba rimu.